Uzi: Kutu kwenye maji ya kupozea – wenye vinu vya nyuklia hupima vipi, na sisi wa chila na barafu tuchukue lipi?

#1 Mwanafunzi_Mbweni
Assalam alaykum wakubwa zangu. Nina kazi ya chuo: nieleze jinsi wenye vinu vya nyuklia wanavyofuatilia kutu kwenye maji ya kupozea, kisha nioneshe lipi katika hayo linawezekana kwenye chila (mtambo wa kupoza maji ya viyoyozi) ya hoteli au mtambo wa barafu hapa Unguja. Nikisoma nakutana na "kemia ya maji" kila ukurasa, lakini sioni mtu anashika nini mkononi. Kinachotumbukizwa majini ni nini? Kinasomwa vipi? Na mbona pamoja na vipimo vyote hivyo mabomba yao yamewahi kupasuka?

#2 Bi_Maabara
Wa alaykum salaam mwanangu. Hilo la mwisho ndilo swali khasa, lakini tuanze mbali kidogo.

Usiseme "maji ya kinu" kama kwamba ni maji mamoja. Kinu cha maji ya shinikizo, ambayo ndiyo aina iliyo nyingi zaidi duniani, kina maji ya namna tatu yasiyotakiwa kukutana. Ya kwanza yanapita kwenye fueli yenyewe: shinikizo kama bar 155, joto kati ya 290 na 325 °C. Ya pili yanachemka kuwa mvuke wa kuzungusha tabo (turbini). Ya tatu ni ya bahari, mto au tawa (mnara wa kupozea maji kwa hewa), kazi yake ni kuupoza mvuke urudi kuwa maji. Kila moja lina kutu yake na kipimo chake.

Maji ya kwanza yana asidi ya boriki kwa ajili ya kudhibiti nyutroni. Mwanzo wa mzunguko wa fueli boroni huwa zaidi ya miligramu 1,000 kwa kilo, mwisho inakaribia sifuri. Asidi hiyo inatulizwa kwa haidroksidi ya litiamu, kiasi cha miligramu 2 hivi za litiamu, tena litiamu-7 tupu, kwa sababu litiamu-6 ikipigwa na nyutroni inazaa tritiamu. Juu yake wanaongeza haidrojeni, sentimita za ujazo 25 hadi 50 kwa kilo ya maji, ili oksijeni inayozalishwa na mionzi isipate nafasi. Oksijeni wanaitaka chini ya mikrogramu 5 kwa lita. Kloraidi ikipita mikrogramu 150 kwa lita ni jambo la kuchukuliwa hatua. Linganisha: maji ya bahari yana kloraidi kama gramu 19 kwa lita. Gramu, si mikrogramu.

Sasa jibu la "wanashika nini mkononi". Kwenye maji ya kwanza, si kibao cha chuma na si vijiti vya umeme vya kusomea kasi ya kutu. Vile vijiti vinataka maji yanayopitisha umeme vizuri. Kwenye maji safi, ukinzani wa maji wenyewe unafunika ule wa chuma, na namba unayoisoma ni ya maji. Kwa hiyo wanapima mambo mawili: sababu za kutu (oksijeni, kloraidi, salfeti, haidrojeni, pH) na mazao ya kutu, yaani chuma, nikeli na kobalti vinavyosafiri majini. Kwenye vinu vya maji yanayochemka kuna la tatu, nguvu ya umeme ya uso wa chuma. Lengo lao ni iwe chini ya milivolti -230 ukilinganisha na elektrodi ya haidrojeni, maana hapo nyufa za stenlesi hutulia.

#3 Fundi_Tawa
Bi Maabara, nakukubali, lakini hayo ya litiamu kijana hatayakuta Nungwi. Mwambie namna ya kusoma mazao ya kutu, hilo ndilo lenye faida kwake.

#4 Bi_Maabara
Nalo ndilo tamu. Maji yanavutwa kwa bomba jembamba kutoka katikati ya bomba kubwa, kwa kasi ileile ya maji makubwa. Ukivuta polepole, maji yanaukwepa mdomo wa bomba lako lakini chembe nzito hazigeuki nayo, zinaingia nyingi kupita kiasi; ukivuta kwa kasi zaidi, hesabu inaharibika kwa upande mwengine. Yanapita kwenye utando wenye vitundu vya mikromita 0.45 unaoshika chembe, kisha kwenye utando wa kubadilishana ioni unaoshika kilichoyeyuka. Baada ya saa kadhaa au siku nzima unatoa tando, unajua lita ngapi zimepita, unapima chuma. Kwenye maji ya kulishia boila za mvuke wanataka chuma chini ya mikrogramu 5 kwa lita. Chupa moja ya sampuli haitakupa namba hiyo, kwa sababu ukifungua koki tu unapata kutu iliyolala ndani ya koki yenyewe. Ndiyo maana bomba la sampuli linaachwa linatiririka muda wote, usiku na mchana.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wengine hatunalo. Kutu ya kinu ikipita kwenye fueli inapata mionzi, na kila madini yanajitambulisha. Nikeli-58 inageuka kobalti-58, nusu-uhai wake siku 71. Kobalti ya kawaida inageuka kobalti-60, miaka 5.27. Kromiamu inatoa kromiamu-51, siku 28. Chuma kinatoa chuma-59, siku 44, na manganizi-54, siku 312. Sampuli ikiwekwa mbele ya kipima gama, kila moja inaonekana kwa nishati yake. Kobalti-58 ikipanda wanatazama mirija ya aloi za nikeli kwenye jenereta za mvuke, yaani pale maji ya kwanza yanapoyachemsha ya pili. Kobalti-60 ikipanda bila ya mwenzake, wanashuku zile aloi ngumu za kobalti zilizowekwa kwenye viti vya vali. Kutu inakuwa na jina la nyumba iliyotoka.

#5 Kipima_Unene
Nijibu la mabomba kupasuka.

Mabomba yaliyoua watu hayakuwa ya maji ya kwanza. Yalikuwa ya maji ya pili, chuma cha kawaida, mahala ambapo hakuna mionzi na watu wanapita bila ya wasiwasi. Kinu cha Surry, Virginia, Marekani, tarehe 9 Disemba 1986: elbo (kona) ya bomba la inchi 18 upande wa kuvutia wa pampu ya kulishia ilifumuka, wakafa watu 4. Mihama namba 3, Japani, tarehe 9 Agosti 2004: bomba la kipenyo cha sentimita 56 lilipasuka mbele kidogo ya bamba lenye tundu la kupimia mtiririko. Ukuta uliokuwa milimita 10 ulikuwa umebaki chini ya milimita moja na nusu. Watu 5 walifariki, 6 waliungua. Kinu kile kilianza kazi 1976, na kipande kile hakikuwamo kwenye orodha ya ukaguzi tangu mwanzo.

Maji yalikuwa safi, hayana chumvi, karibu hayana oksijeni. Ndiyo maana kemia haikupiga kelele. Kinachotokea ni kwamba chuma kinajivika ngozi nyembamba ya magnetaiti. Maji yanayokwenda kwa msukosuko yanaiyeyusha, chuma kinajivika tena, inayeyushwa tena. Ubaya wake unafika kileleni kati ya 130 na 150 °C. Mahala pake ni palepale kila siku: mgongo wa elbo, mara baada ya bamba la kupimia, mara baada ya vali iliyofunguliwa nusu, kwenye ti, kwenye kipunguzio. Dawa yake ni kromiamu. Chuma chenye asilimia 1 tu ya kromiamu hakisumbuki tena, na hata asilimia 0.1 inaleta tofauti kubwa. Kupandisha pH juu ya 9.5 nako kunasaidia.

Kipimo ni unene kwa mawimbi ya sauti. Unachora gridi juu ya bomba kwa rangi isiyofutika, miraba ya sentimita 5 au 10 kulingana na ukubwa wa bomba. Unapima kila makutano, na mwaka ujao unapima makutano yaleyale. Ukihama sentimita 3 tu unalinganisha mahala pawili tofauti, halafu unasema bomba limenenepa. Nimeona ripoti za namna hiyo, chuma kimeongezeka milimita 0.6 kwa mwaka, na mtu ametia saini.

Kifaa kisanifishwe kwa kibao cha ngazi cha chuma cha aina ileile, siku ileile. Kasi ya sauti ndani ya chuma ni kama mita 5,920 kwa sekunde. Na rangi ikwangue. Sauti inakwenda polepole ndani ya rangi, kwa hiyo milimita 0.3 ya rangi kifaa kinaihesabu kama 0.7 ya chuma. Ukuta uliobaki milimita 2.5 utausoma 3.2, nawe utalala usingizi. Vifaa vinavyopima mwangwi hadi mwangwi vinaruka rangi, lakini kutu ya ndani ikiwa na mabonde mwangwi wa pili haurudi vizuri. Kukwangua ni salama zaidi.

#6 Mwanafunzi_Mbweni
Ahsanteni sana, Allah awazidishie. Sasa kwa huku kwetu, kama nataka kufunga kuponi kwenye mtambo wa barafu wenye tawa, nianze na lipi na nipate namba ipi?

#7 Fundi_Tawa
Hapo umekuja kwangu.

Kuponi ni kibao cha chuma chenye uzito unaojulikana. Kipimo cha kawaida ni milimita 76 kwa 13, unene 1.6, tundu moja upande mmoja. Chukua cha chuma cha kawaida na cha shaba, na kama kondensa yako ni ya mabati ongeza cha mabati, maana hiyo ina ugonjwa wake wa ungaunga mweupe pH ikizidi 8.2 wiki za mwanzo. Namba igongwe kwenye kibao chenyewe. Ya kalamu itafutika.

Vibao havitupwi ndani ya beseni la tawa. Vinafungwa kwenye bomba la pembeni la PVC la inchi 1 lililopindwa kama herufi U iliyolala, lenye ti nne. Maji yaingie chini yatokee juu, ili bomba lijae muda wote na hewa isibaki. Uyatoe maji upande wa kurudi kutoka kondensa, yakiwa ya moto, ndipo kutu inapoonekana. Weka vali kila upande na kipima mtiririko, ushike mita 1 kwa sekunde. Kwa bomba la inchi 1 ni kama lita 30 kwa dakika. Mtiririko ukiwa dhaifu uchafu unalala juu ya kibao, ukiwa mkali unakikwangua. Hali zote mbili zinakupa namba ya bomba jengine, si lako.

Kibao kinashikwa na fimbo ya plastiki na bolti ya naironi. Ukitumia bolti ya stenlesi umetengeneza betri. Uso mpana usimame wima, usilale kama sahani, la sivyo takataka zitakaa juu. Ncha ielekee kule maji yanakokwenda. Na chuma kiwe cha kwanza kukutana na maji, shaba iwe ya mwisho. Ukiigeuza, ioni za shaba zinakwenda kutua juu ya chuma na kukitoboa, kisha utailaumu dawa ya kuzuia kutu.

Usikishike kwa vidole, jasho lina chumvi. Kinatoka kwenye mfuko wake wa karatasi kavu moja kwa moja kwenda kwenye fimbo, kwa glavu. Siku 90 ndiyo muda mzuri. Siku 30 zinakupa namba kubwa kuliko kweli, kwa sababu chuma kipya kinalika haraka wiki za mwanzo kabla hakijajivika.

Kukitoa: piga picha kabla hujakigusa, pande zote mbili. Kisha brashi laini na maji. Kisha asidi: kwa lita moja ya mchanganyiko, mililita 500 za asidi ya haidrokloriki kali na gramu 3.5 za heksamini (inaizuia asidi isile chuma kizima), iliyobaki maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na ufanyie penye upepo, si ndani ya chumba cha umeme. Dakika 10 kwa chuma, joto la chumba. Shaba inataka asidi hiyohiyo nusu kwa nusu bila ya heksamini, dakika 1 hadi 3. Suuza, chovya kwenye spiriti, kausha, weka kwenye chombo chenye silika jeli, pima.

Asidi hula chuma kizima pia, kidogo. Kwa hiyo chukua kibao kipya ambacho hakikuwahi kuingia majini, kipitishe kwenye asidi ileile kwa dakika zilezile, na kilichopotea kwake ukitoe kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe: milimita kwa mwaka = 87.6 × miligramu zilizopotea ÷ (uzito-ujazo × eneo kwa sentimita za mraba × saa). Kibao cha chuma kikipoteza miligramu 412, kile kipya kikapoteza 6, unabaki na 406. Uzito-ujazo wa chuma ni gramu 7.86 kwa sentimita ya ujazo, eneo kama 22, siku 90 ni saa 2,160. Inatoka 0.095. Kwa tawa, chuma kikiwa chini ya 0.075 unaridhika, chini ya 0.05 unafurahi, 0.095 unaita mwenye dawa. Shaba inatakiwa isizidi 0.005. Kwa maji yaliyofungwa, ya baridi yanayozunguka hotelini, chuma kisifike hata 0.025.

Kuhusu mizani: inayotakiwa inasoma miligramu 0.1, na hiyo utaipata kwenye maabara ya chuo. Wapo wanaopeleka kibao kwa sonara Darajani. Mizani ya sonara ikisoma miligramu 10, kwa chuma kilichopoteza 406 kosa ni dogo, unaweza kustahamili. Lakini shaba ikiwa kwenye kiwango kizuri cha 0.005, kwa siku 90 inapoteza miligramu 24 tu. Hapo kumi za mizani zinakula karibu nusu ya jibu. Chuma peleka kwa sonara ukipenda, shaba hapana.

#8 Mpemba_Wete
Fundi Tawa umesema vizuri, ila hiyo 0.095 ni wastani na wastani una hila. Kutu ya kweli ya visima vyetu si ya kulika sawasawa, ni ya kutoboa.

Chukua kibao kilichopoteza kidogo, hesabu ikatoka 0.02. Mtu anafurahi. Kitazame chini ya lenzi: kina vishimo vitatu, kimoja kina kina cha milimita 0.4. Kwa siku 90. Mrija wa kondensa wenye ukuta wa milimita 0.7, kishimo kikiendelea kwa mwendo ule, kinatoka upande wa pili kwenye siku ya 157. Vishimo vingi hupunguza mwendo vikishakuwa virefu, sawa, lakini huwezi kupanga kazi kwa kutegemea huruma yake.

Kwa hiyo kila kibao kina namba mbili: uzito na kishimo kirefu kuliko vyote. Kina kinapimwa kwa darubini: unalenga uso mzima, unalenga sakafu ya kishimo, unasoma tofauti kwenye skrubu ya kulengea. Bila ya darubini, geji ya sindano inatosha. Ripoti isiyotaja vishimo irudishwe.

#9 Fundi_Tawa
Umenishika, sheikh wangu. Na chini ya vile vichuguu vya kutu ya rangi ya chungwa ndiko bakteria wa salfeti wanakoishi. Ukikivunja ndani ni cheusi, kinanuka yai viza, na chuma chini yake kinang'ara. Dawa ya kuzuia kutu haifiki pale. Ndiyo maana kipimo cha vijidudu kinakwenda pamoja na kuponi: vile vijibao vya kuoteshea, unachovya, unaacha siku mbili mahala pa joto, ukiona zaidi ya 10,000 kwa mililita unaongeza klorini au bromini na unatafuta matope yaliko. Wenye vinu wanalijua hilo vizuri. Maji yao ya huduma, yale ya mtoni yanayopoza vifaa vya dharura, yana tabia zetu zote: konokono, matope, vichuguu.

Kwa vijiti vya umeme: maji ya tawa yetu yana mikrosimensi (kipimo cha maji yanavyopitisha umeme) za kutosha, vinafanya kazi. Kifaa kinasukuma chuma milivolti 10 juu na chini ya hali yake ya utulivu, kinasoma umeme uliopita, kinatoa ukinzani. Kasi ya kutu ni B, namba ya kugeuzia, gawa ukinzani, na B watu wengi huiweka milivolti 26. Si namba takatifu, inabadilika na maji. Faida yake ni kuona jambo siku ileile. Pampu ya dawa imeziba usiku, asubuhi mstari umepanda. Kuponi itakwambia baada ya miezi mitatu, na wala haitakwambia ilikuwa usiku gani. Lakini vijiti vikivikwa shaba au utando wa matope vinadanganya. Vitoe kila mwezi, msasa laini, spiriti, rudisha.

#10 Chumvi_Tupu
Naomba na mie niulize. Maji ya visima vya pwani, khasa mwisho wa kaskazi kabla ya masika, yanaongezeka chumvi. Unafuata nini ili usichelewe? Na stenlesi si ndiyo suluhisho?

#11 Bi_Maabara
Stenlesi si suluhisho, ni aina nyengine ya tatizo. Kanuni ya mkononi kwa maji ya kawaida yasiyo moto: aina ya 304 isipewe zaidi ya miligramu 200 za kloraidi kwa lita, 316 kama 1,000. Kwenye joto la kibadilisha joto shusha namba hizo, na chini ya utando wa matope au gasketi shusha tena. Sasa hesabu tawa yako. Kisima kina 180, unaona 304 imepona. Lakini tawa inakausha maji na kuacha chumvi. Ukizungusha mara 4 kabla ya kumwaga, ndani ni 720. Mizunguko unaijua kwa kugawa kloraidi ya tawa kwa kloraidi ya maji ya kujazia, na ndiyo kipimo cha kwanza cha asubuhi. Kisima kikipanda hadi 300, valvu ya kumwaga iliyosetiwa kwa mikrosimensi itamwaga zaidi yenyewe, lakini ile iliyosetiwa kwa saa haitajua kitu.

Na stenlesi haihitaji hata maji. Koeberg, kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini, kilomita 30 hivi kutoka Cape Town, ipo ufukweni kabisa. Matangi yake makubwa ya stenlesi yaliyo nje yalipata nyufa kwa chumvi ya hewani tu ikitua juu ya chuma chenye mkazo karibu na maungio ya kuchomelea, ikabidi yabadilishwe. Kwa hiyo bomba la stenlesi juu ya paa la hoteli ya Paje lioshwe kwa maji matamu, na ukaguzi uanzie kwenye weldi na chini ya vibanio, siyo katikati panapong'ara.

Ama kwa kushika chumvi mapema, waigeni wenye vinu. Kondensa yao ina bahari upande mmoja na maji safi upande wa pili, na mrija ukitoboka bahari inaingia kwa sababu ndani kuna ombwe. Lita 1 ya bahari kwenye mita za ujazo 1,000 za maji safi inaongeza kloraidi mikrogramu 19 kwa lita. Kipima cha kawaida cha mikrosimensi hakitaiona, kwa kuwa maji yale yana amonia inayofunika kila kitu. Wanayapitisha kwanza kwenye mtungi wa resini inayonyonya amonia na sodiamu na kuachia haidrojeni badala yake. Amonia inaondoka, kloraidi ya sodiamu inageuka asidi, na asidi inapitisha umeme zaidi kuliko chumvi. Baada ya mtungi namba inatakiwa iwe chini ya mikrosimensi 0.2 kwa sentimita. Ikipanda hata kwa sehemu ndogo, kengele inalia. Resini nyengine inabadilika rangi ikichoka, na hapo ndipo mtu anapokosea: anaiacha imechoka nusu mtungi kwa sababu "bado inasoma vizuri".

#12 Kipima_Unene
Niongeze moja kwa sababu kijana ameuliza kwa nini. Kinu cha Davis-Besse, Ohio, Marekani, Machi 2002. Bomba dogo la aloi ya nikeli linalopitisha fimbo ya kudhibiti lilikuwa na ufa. Maji ya asidi ya boriki yalivuja kidogo kidogo juu ya kifuniko cha kinu, yakakauka, yakawa makali, yakala chuma. Shimo lilipita unene wote wa chuma cha kifuniko, zaidi ya sentimita 15, na kilichobaki kuzuia shinikizo la bar kama 150 ni ngozi ya stenlesi ya ndani isiyofika sentimita moja.

Kemia ya maji ilikuwa nzuri. Kulikuwa na dalili, lakini hazikuwa kwenye daftari la kutu: vichujio vya kipima mionzi cha hewa ndani ya jengo vilikuwa vinaziba kwa vumbi la rangi ya kutu, vikibadilishwa kila siku moja au mbili. Vipoza hewa vilikuwa vinaoshwa unga mweupe wa boriki. Kifuniko kilikuwa na rundo la unga uliogeuka mwekundu. Asidi ya boriki ikikauka ni nyeupe. Wekundu si wake.

Kwa hiyo kwenye mtambo wa barafu, daftari la kutu liwe na safu ya mambo ambayo siyo vipimo: chujio limebadilishwa mara ngapi wiki hii, rangi ya tope lake, gasketi gani inatoa chumvi nyeupe, na ile chumvi leo ni nyeupe au imegeuka.

#13 Mwanafunzi_Mbweni
Nimepata zaidi ya nilichotarajia. Swali dogo la mwisho. Nimenunua maji ya betri, kipima changu kikasoma 0.8 mikrosimensi nilipofungua chupa. Baada ya chai nikapima tena bilauri ileile, 1.3, na pH imeshuka hadi 5.7. Kipima kimeharibika?

#14 Bi_Maabara
Kizima. Maji yako yamekunywa hewa ya kaboni. Maji safi kabisa ni 0.055 kwa 25 °C, ukiyaacha wazi yanapanda karibu na 1 na pH inashuka kuelekea 5.6. Hizo ulizoongeza juu ya hapo ni bilauri au kidole. Ndiyo maana kwenye vinu maji ya namna hiyo hayapimwi ndani ya bilauri: kipima kinafungwa ndani ya bomba, maji yanapita, hewa haigusi. Fanya hivyo hata kwa mpira wa sm 30 na chupa iliyokatwa kitako. Maji yaingie chini, yafurike juu, kipima katikati. Suuza mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kuandika namba.

#15 Mpemba_Wete
Na ukimaliza, kuponi ya kwanza ifunge kabla ya kusafisha tawa, usisubiri iwe safi. Unataka kujua ilivyo sasa. Ya pili ifunge baada ya kusafisha. Andika tarehe na saa ya kutia na kutoa, siyo tarehe peke yake, kwa sababu mtambo wa barafu ukizimwa kwa kukosa umeme siku tatu maji yanasimama, na kibao kilichosimama kwenye maji yasiyotembea ni hesabu nyengine. Hizo saa za kuzima ziandike pembeni.